Yah: Abmahnung (barua ya onyo ya wakili) ya tovuti ya ushonaji – nichague mfumo gani?

Mama Nasra, Hannover
Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Nina Gewerbe (biashara iliyosajiliwa) ya kushona nguo za vitenge, Kleinunternehmer (mfanyabiashara mdogo asiyetoza VAT), nashonea hapa hapa nyumbani. Tovuti alinitengenezea kijana wa shemeji yangu kwa mfumo mmoja wa bure, picha zimetulia, wateja wanasifia. Leo nimeletewa Abmahnung na ofisi moja ya mawakili: tovuti haina Impressum (ukurasa wa jina na anwani ya mwenye tovuti), halafu fonti zinavutwa kutoka Google. Wanataka hela, na wameambatisha Unterlassungserklärung (ahadi ya maandishi ya kutorudia kosa) niisaini. Kijana mwenyewe yuko Kanada siku hizi, simu hapokei. Naona bora nianze upya. Nichukue WordPress, Joomla, Wix au Shopify? Mambo ya programu siyajui. Nataka niweze kubadilisha picha na bei mwenyewe, na isomeke Kijerumani na Kiswahili.

Baba Kevin, Köln
Pole sana dada. Ila mfumo hauna kosa hapo. Impressum ni ukurasa tu, unauandika popote: § 5 TMG (sheria ya huduma za mtandao), jina kamili, anwani ya mtaa (Postfach, yaani sanduku la posta, haitoshi), barua pepe. Mwaka 2022 na mimi niliandikiwa hizo za Google Fonts, wakitaka euro 170. Sikulipa. Desemba ile ile waendesha mashtaka wa Berlin wakafanya upekuzi kwa watu waliotuhumiwa kuzisambaza kwa wingi. Kwa hiyo tulia, kunywa chai.

Mwalimu wa Leipzig
Baba Kevin, TMG imeshazikwa. Tangu Mei 2024 ni § 5 ya sheria mpya, DDG, na wenye tovuti zilizoandikwa "gemäß § 5 TMG" wazirekebishe. Pia usimwambie atulie, hayo ni mambo mawili tofauti. Ya fonti yalianzia kwenye hukumu ya mahakama ya LG München ya Januari 2022: anwani ya IP ya mgeni ilipelekwa Google bila ridhaa yake, akapewa fidia ya euro 100. Dawa yake ni kupakua fonti na kuziweka kwenye seva yako mwenyewe. Lakini kukosa Impressum ni jambo ambalo mshindani wako kibiashara anaweza kukubana nalo kweli. Mama Nasra, hiyo Unterlassungserklärung usiisaini ilivyo. Ukishaisaini imekufunga, na siku kosa likijirudia unadaiwa Vertragsstrafe, faini ya kuvunja mkataba. Piga simu IHK (chemba ya biashara na viwanda) kesho asubuhi.

Baba Kevin, Köln
Anashona nguo, Mwalimu. Ushonaji wa kupima uko HWK (chemba ya mafundi), si IHK. Hauhitaji cheti cha Meister (fundi mkuu), lakini kujiandikisha ni lazima. Tusome kwanza ndipo tusahihishe wenzetu.

Shangazi Zai, Birmingham
Jamani mbona makubwa! Mimi nauza ubani na udi kwa Shopify, nalipia kila mwezi, mambo ya seva siyajui wala hayanihusu. Hiyo Impressum ndiyo nini? Huku jina la biashara na mawasiliano yanatosha. Mama Nasra, sajili .co.tz yako, hao Wajerumani watakupata wapi?

Mwalimu wa Leipzig
Shangazi, shikamoo, lakini usimponze mwenzio. Sheria inaangalia biashara ilipo, haiangalii herufi za mwisho za anwani. Yeye anashonea Hannover, hata akisajili ya mwezini anawajibika Hannover.

Abdul, Stuttgart
Nafanya kazi hizi kila siku, niruhusuni. Kwanza mnaposema "WordPress" mnachanganya vitu viwili. WordPress.com ni huduma: unafungua akaunti, wao wanakuwekea. Ya WordPress.org ni programu huria, unaichukua bure na kuiweka kwenye seva uliyokodi, ila ulinzi, sasisho na nakala rudufu ni juu yako. Tovuti nyingi zilizodukuliwa ninazoletewa zina plagini (viongezo vya programu) ambazo mwenyewe alishasahau kama anazo. Wix hayo yote wanakufanyia, lakini siku ukitaka kuhama huwezi kuibeba tovuti kama ilivyo, unajenga upya. Joomla lugha mbili imo ndani yake tayari; WordPress unahitaji plagini kama Polylang. Tatizo la Joomla ni kwamba ukikwama, jirani wa kukusaidia ni shida kumpata. TYPO3 Wajerumani wanaipenda sana kwa vyuo na manispaa. Kwa cherehani moja ni kuajiri meli kuvusha kuku.

Mfumo wowote ule, yakupasa uwe na AVV (mkataba wa kushughulikia data za wageni) na mwenye seva, DSGVO, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inadai. Na kama una duka, toa kile kiungo cha OS-Plattform (jukwaa la kutatua migogoro ya wanunuzi mtandaoni), Ulaya waliifunga Julai 2025. Bado nakiona kwenye tovuti za watu wa humu humu.

Mama Nasra, Hannover
Ahsanteni. HWK nimeandikishwa, nitawapigia. Sasa Abdul, katika hizo nichukue ipi? Na Steuernummer (namba ya kodi) niiweke kwenye Impressum? Na lazima niweke anwani ya nyumbani kwangu? Nina watoto wa kike hapa ndani.

Baba Kevin, Köln
Steuernummer USIWEKE. Watu wengi wanaianika, halafu mtu mwingine anajifanya wao. Kinachotakiwa ni USt-IdNr (namba ya VAT), tena kama unayo. Chunga pia mauzo ya mwaka yasivuke euro 22,000, ubaki Kleinunternehmer.

Abdul, Stuttgart
25,000. Ilibadilika Januari 2025.

Dada Wanjiru, München
Anwani ya nyumbani hata mimi iliniuma. Nyumbani Nakuru mama yangu ameuza sufuria miaka na miaka kwa simu na jina lake tu, na kila mtu anajua alipo. Huku mteja hakujui kwa sura lakini anajua mlango wako na gorofa. Kuna kampuni zinakodisha anwani, uliza tu kama barua za korti zinapokelewa hapo, sio sanduku tupu. Abdul, kuna plagini ya M-Pesa inayofanya kazi na akaunti ya benki ya huku? Nina wateja Kenya.

Abdul, Stuttgart
Lipa na M-Pesa unahitaji till au paybill, na hizo wanapewa biashara zilizosajiliwa Kenya. Msajilie mama yako biashara.

Shangazi Zai, Birmingham
Wakenya mna raha. Tangu katiba ya 2010 mna uraia pacha, mnasajili biashara kote kote. Sisi Watanzania ukichukua pasipoti ya wenyewe, ya kwako inakwenda. Eti tupewe hadhi maalumu badala ya uraia pacha! Nitapigia kura hadhi maalumu?

Mwalimu wa Leipzig
Na Ujerumani wenyewe tangu Juni 2024 hawakulazimishi tena kuukana uraia wa kwenu. Mlango uliofungwa ni wa Dodoma. Mimi niliamua nibaki na pasipoti yangu ya kijani hadi nizeeke, sasa kila nikienda mkutano wa kazi London natafuta viza kama mwanafunzi.

Baba Kevin, Köln
Pasipoti ya kijani ilishabadilishwa, Mwalimu. Sasa ni ya kielektroniki, na ya kawaida ni ya buluu. Au wewe unasafiria iliyokwisha muda?

Mwalimu wa Leipzig
Ni namna ya kusema. Jamani.

Mama Nasra, Hannover
Samahanini, bado sijajua nichukue ipi.

Abdul, Stuttgart
Inategemea, dada. Bei hubadilika mara ngapi? Utauza mtandaoni au unaonyesha picha tu na watu wakupigie? Nitumie kiungo pembeni.

Dada Wanjiru, München
Nani alifanya Einbürgerungstest (mtihani wa uraia) karibuni? Bado ni maswali 33?

Baba Kevin, Köln
33, ukipata 17 umepita. Matatu ni ya jimbo lako, kwa hiyo Bayern soma bendera yao vizuri.