Syrah ya shamba moja inayonukia pilipili manga: ni kasoro, au ndivyo ilivyo?

Mwonjaji Mgeni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Jana jioni nilifungua chupa ya Syrah, mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilohilo, iliyotoka katika shamba moja tu ndani ya Gimblett Gravels, huko Hawke's Bay, New Zealand, yenye kilevi cha asilimia 13. Nimezoea Shiraz za maeneo ya joto ya Australia, zile nzito, nyeusi, zenye ladha ya matunda yaliyoiva hadi kukaribia jamu, na kwa kuwa zabibu ni ileile, nilitarajia jambo hilohilo. Nilichokipata ni kingine kabisa. Mvinyo ulikuwa mwepesi kinywani, uchachu wake ulinijaza mate pembeni mwa ulimi, na harufu ya pilipili manga iliyopondwa sasa hivi ilinifikia kabla sijaisogeza glasi karibu na pua. Chini yake kulikuwa na harufu iliyonisumbua kwa dakika za mwanzo, kama ya njiti ya kiberiti iliyowashwa ikazimwa.

Mwenzangu niliyekuwa nikionja naye, ambaye kwa kawaida pua yake ni kali kuliko yangu, alishikilia kwamba hasikii pilipili yoyote. Yeye alisikia maua ya urujuani, zeituni nyeusi na moshi kidogo. Naomba kujua kama mvinyo huu una kasoro, na kama hauna, niuonje vipi ili niufaidi inavyostahili. Nimebakiza nusu ya chupa, nimeirudishia kifuniko chake cha kusokota na kuiweka kwenye jokofu.

Punje Nyeusi anajibu:

Ndugu, mvinyo wako ni mzima, na mwenzako amesema kweli vilevile. Pilipili manga tunayoisikia katika Syrah si lugha ya kufananisha, kwa sababu kemikali inayoleta harufu hiyo, iitwayo rotundoni, ndiyo hiyohiyo iliyomo katika punje za pilipili manga zenyewe. Jina lake limetokana na Cyperus rotundus, yaani ndago, gugu ambalo kila aliyewahi kushika jembe analijua. Watafiti wa Australia ndio waliochapisha mwaka 2008 kwamba rotundoni ndiyo chanzo cha upilipili wa Shiraz. Nanogramu 16 tu katika lita moja ya mvinyo mwekundu zinatosha kusikika, na nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Hata hivyo, katika utafiti huohuo takriban mtu mmoja kati ya watano hakuisikia hata ilipowekwa ndani ya maji kwa kiwango cha nanogramu 4,000 kwa lita. Yawezekana kabisa kwamba mwenzako ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Pua yake haina upungufu mwingine wowote, na tena ninamwonea wivu kidogo, kwa kuwa anayapata maua ya urujuani na zeituni bila pilipili kuvifunika.

Kuhusu tofauti ya mvinyo huu na Shiraz za maeneo ya joto, rotundoni hukaa katika ganda la zabibu na huongezeka katika majuma ya mwisho ya kuiva. Jua likilipiga tunda moja kwa moja na kulichemsha, kiasi chake hupungua, ilhali tunda lililokaa kivulini katika msimu wenye ubaridi huwa nacho kwa wingi. Hata katika kichala kimoja, punje za upande wa kivuli huwa na nyingi kuliko zile zinazotazamana na jua. Kwa hiyo Shiraz ulizozizoea na Syrah hii ni zabibu moja kweli, ila zimeivia chini ya mbingu mbili tofauti.

Bilauri Ndefu anajibu:

Naunga mkono maelezo ya Punje Nyeusi, nami niongeze juu ya ile harufu ya kiberiti, maana ndipo waonjaji wengi wanapoihukumu Syrah kabla ya wakati. Zabibu hii ina tabia ya kuzalisha harufu za salfa inapochachuka ikiwa imepata hewa kidogo, na kifuniko cha kusokota, ambacho hupitisha hewa kidogo mno, huzifungia ndani hadi siku ya kufungua. Mimina mvinyo kwenye jagi kwa nguvu kiasi, uache dakika 30 au hata saa nzima, kisha unuse tena. Mara nyingi kiberiti huwa kimeondoka. Kasoro ya kuogopwa ni ile ya chachu iitwayo Brettanomyces, inayonukia plasta ya kidonda au zizi la farasi, na hiyo haiondoki kwa hewa. Ugumu ni kwamba Syrah safi nayo huweza kunukia nyama mbichi, damu na moshi, kwa hiyo usiseme kasoro kwa kusikia nyama tu. Kipimo changu ni kutazama kama tunda bado lipo: mahali ambapo Brettanomyces imeota sana, matunda hufunikwa na mvinyo huacha ukavu wa kama chuma mwishoni.

Kuhusu kuonja, jambo linaloharibu Syrah ya maeneo ya baridi kuliko yote ni kuinywa ikiwa na joto. Iweke kwenye nyuzi 15 au 16 za Selsiasi. Ikipanda hadi 20 na zaidi, kilevi hutangulia puani na maua yote hupotea, na ikitoka moja kwa moja kwenye jokofu, tanini, yaani ule ukakasi unaokausha kinywa, hukakamaa na harufu hujificha. Jaza theluthi moja tu ya glasi. Nusa kwanza bila kuizungusha, kwa kuwa harufu za maua ni nyepesi na hukimbia mapema, kisha zungusha unuse tena. Unapoonja, shikilia mvinyo kinywani kwa sekunde chache, umeze, halafu toa pumzi kupitia puani ukiwa umefunga mdomo, kwa maana pilipili hurudi kwa njia hiyo ya nyuma ya koo na hukaa muda mrefu kuliko tunda. Ponda punje mbili tatu za pilipili manga kwenye kisahani, unuse, kisha urudi kwenye glasi. Ukifanya hivyo mara moja tu, hutaisahau.

Mteremko anajibu:

Waliotangulia wameeleza vizuri, ila hakuna aliyeligusa neno "shamba moja", nami naona ndilo kiini cha chupa hiyo. Maandishi hayo hayamaanishi kwamba mvinyo ni bora kuliko mwingine. Yanamaanisha kwamba mtengenezaji hakuchanganya zabibu za mahali pengine ili kuziba mapengo ya mwaka. Msimu ukiwa wa mvua utausikia, na ukiwa wa jua utausikia pia.

Gimblett Gravels lenyewe ni mfano mzuri. Ardhi hiyo ya takriban hekta 800 ilikuwa mkondo wa mto Ngaruroro hadi mafuriko makubwa ya mwaka 1867 yalipouhamisha mto na kuacha changarawe tupu. Mawe hayo hayashiki maji, hivyo mizabibu haipati nafasi ya kunenepa, na joto yanayolihifadhi mchana huisaidia tanini kuiva hata hewa ikiwa ya ubaridi. Ndiyo maana unapata uchachu na pilipili bila ule ukali wa tunda bichi.

Ukitaka kuona nguvu ya mahali, tazama Côte-Rôtie nchini Ufaransa, ambako watengenezaji wa mvinyo wa Guigal hutengeneza mvinyo uitwao La Mouline na mwingine uitwao La Landonne katika miteremko miwili ya eneo lilelile na kuzikalisha zote kwa takriban miezi 42 katika mapipa mapya ya mwaloni. Ya kwanza huchanganywa na zabibu nyeupe za Viognier na kuwa na manukato laini, na ya pili ni Syrah tupu, ngumu, yenye kudai miaka mingi. Jambo moja la tahadhari, kwa kuwa si kila harufu inatoka ardhini: mtengenezaji akichachusha vichala vizima pamoja na vikonyo vyake, mvinyo hupata harufu ya majani makavu na viungo, nasi huweza kuidhania kuwa ni ya shamba. Soma lebo ya nyuma kabla ya kuamua.

Mwonjaji Mgeni anarejea:

Nawashukuru sana nyote. Leo nimemimina ile nusu kwenye jagi, nikaiacha saa moja hadi ikafikia nyuzi 16, na kiberiti kimetoweka kabisa. Rangi yake dhidi ya karatasi nyeupe ni ya zambarau katikati na waridi ukingoni. Lebo ya nyuma inasema vichala vizima vilikuwa robo ya zabibu zote, kwa hiyo huenda moshi alioutaja mwenzangu umetoka kwenye vikonyo. Amenusa pilipili zilizopondwa akasema anasikia ukali na ubao mbichi, ameurudia mvinyo na bado hakupata kitu, kisha akaniomba ninuse polepole palipo na maua. Na kwa mara ya kwanza nimeyasikia, juu kabisa, kabla ya glasi kuzungushwa.