Mjadala: Aliyepata kiharusi apimwe ulemavu wodini au nyumbani kwake?

Mwana wa Mkoani

Assalamu alaykum jamaa. Naleta suala linalogusa nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Mtu akipata kiharusi, akalazwa, akaruhusiwa kurudi kwao, nani aseme amebaki na ulemavu wa kiasi gani, na aseme kwa kipimo gani? Karatasi ya hospitali ndiyo inayofuatwa baada ya hapo. Mwajiri anaitaka, wenye kutoa misaada wanaitaka, hata ndugu walio mbali wakiombwa mchango huuliza kwanza "daktari kasemaje?"

Msimamo wangu nautanguliza: kipimo cha siku ya kutoka hospitali kisitumike peke yake kuamua haki ya mtu. Mgonjwa apimwe tena nyumbani, baada ya miezi mitatu na tena baada ya mwaka, na aulizwe mambo ambayo maisha yake yanamtaka ayafanye.

Vipimo vinavyotumika sana duniani ni viwili. Kimoja ni cha Rankin, daktari wa Glasgow aliyekitoa mwaka 1957, kikarekebishwa baadaye. Hiki kinampa mgonjwa namba moja tu: 0 hana dalili yoyote, 3 anatembea bila kushikwa ila anahitaji msaada kidogo, 5 ni wa kitandani, 6 amefariki. Kingine ni cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965: mambo kumi, kama kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi. Jumla yake alama 100.

Sasa mchukueni mama mmoja jirani yetu, aliyepooza upande wa kulia. Siku anatoka aliambiwa yuko vizuri, alama zake za Barthel ziko juu. Kwenye kula alipata zote kumi, na ni haki yake, maana anakula mwenyewe. Anakula kwa mkono wa kushoto. Kipimo hakiulizi mkono gani. Lakini mkono huo ndio anaochambia, na tangu arudi hajakaa tena kwenye sinia na wenzake. Mwenye udhuru hana lawama, ameshaelezwa na wanaojua dini, na mwenyewe anajua. Haya imemzidi. Chakula chake kinapelekwa chumbani, anakula peke yake kautazama ukuta.

Choo nacho. Wodini alikuwa na choo cha kukaa na chuma cha kushikilia. Nyumbani choo kiko uani, cha kuchuchumaa, sakafu imelowa muda wote, na kopo la maji linataka mkono wa pili. Akishachuchumaa hainuki mpaka aitwe mtu. Ngazi alizipanda hospitali akapewa alama zake, na nyumba yake haina ngazi hata moja. Kukuna nazi, kusuka ukili, kufunga mwani kwenye kamba, kazi zilizokuwa zikimpa senti zake mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

Na waliotunga kipimo walilijua hili. Mahoney na Barthel waliandika humo humo mwaka 1965 kwamba kupata 100 hakumaanishi mtu anaweza kuishi peke yake, kwa sababu huenda asiweze kupika wala kutunza nyumba. Mpaka wa kipimo chao waliuweka wazi. Sisi ndio tunaokigeuza hukumu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lilitoa dodoso liitwalo WHODAS 2.0. Fupi yake ina maswali 12 tu, kuhusu siku 30 zilizopita: umepata taabu gani kusimama kama nusu saa, kutembea kama kilomita moja, kuoga, kufanya kazi za nyumbani, kushiriki mambo ya jamii kama wengine? Kwetu mambo ya jamii ni maziko, harusi, maulidi. Kwa nini maswali haya yasiulizwe Mkoani na Makunduchi?

Mtaalamu wa Viungo, Unguja

Waalaykum salaam. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo na wagonjwa hawa ndio ninaoshinda nao. Nakubali kwamba nyumbani kuna mengi wodi haiyaoni. Lakini nataka nivitetee vipimo hivi, maana mara nyingi vinalaumiwa na watu wasiojua vimetuokoa na nini.

Mfano ulio hai. Watu wengi wanaamini kwamba aliyepooza akiinuliwa mapema sana na kusimamishwa mara nyingi, ndiyo atapona haraka. Hata sisi wataalamu tulielekea kuamini hivyo. Ukafanywa utafiti mkubwa ulioitwa AVERT, wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano, majibu yakatoka mwaka 2015. Walioanzishwa mazoezi makali ndani ya saa 24 waliofikia hali nzuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46. Wale wa huduma ya kawaida, asilimia 50. Yaani bidii ile iliwaumiza baadhi ya watu. Na hali hiyo nzuri ilipimwa kwa Rankin ile ile inayoitwa hapa namba moja tu. Karafuu zetu zinapimwa kwa mizani ya aina moja kila kituo, na muuzaji wa Wete na wa Chake wote wanaikubali. Kila kisiwa kingekuwa na maswali yake, utafiti ule usingewezekana, na leo ningekuwa bado nawanyanyua watu siku ya kwanza huku naona nawafanyia hisani.

Na nyumbani si dawa ya kila kitu. India walifanya utafiti wa ATTEND, uliochapishwa mwaka 2017: wagonjwa 1,250, hospitali 14. Jamaa wa mgonjwa walifundishwa kumfanyisha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kwa waliofundishwa, na asilimia 47 kwa wasiofundishwa. Hapana tofauti. Khofu yangu ni kwamba tukianza kuimba "nyumbani, nyumbani", mwisho wake hospitali itaondolewa mzigo na utawekwa kichwani kwa mtoto wa kike wa nyumba ile, ambaye hajasomea kazi hii na halipwi.

Binti wa Micheweni

Huyo mtoto wa kike ndiye mimi. Baba alipooza kabla ya umri wa pensheni jamii, ile iliyoanza 2016 kwa waliotimiza miaka 70. Kwa hiyo uzee wake haujafika na ulemavu wake haujaandikwa. Nilimpeleka kupimwa upya. Gari ya kukodi kutoka kwetu, kumbeba mpaka barabarani, kusubiri, halafu akaulizwa maswali asubuhi hiyo akiwa hoi, miguu imevimba. Alijitutumua mbele ya daktari. Wanaume wa umri wake hawawezi kukaa mbele ya mtu wa ofisi wakasema "siwezi". Kila alichoulizwa alijibu anaweza. Nikajaribu kusema, nikatazamwa jicho.

Tulipofika nyumbani alimwagika jasho, nikambadilisha nguo, nikamlisha. Kwenye karatasi imeandikwa anajivalisha na kujilisha.

Kwa hiyo Mtaalamu, mizani ya karafuu mimi siipingi. Lakini mjue kinachopimwa asubuhi ile ni heshima ya mtu mzima anayejikaza.

Mkaazi wa Chwaka

Yote mazuri, lakini hamjajibu nani atakwenda kupima. Mkisema sheha, hapo mimi natoka. Si kwamba masheha wote ni wabaya, ila tunajua namna majina yanavyoingia kwenye orodha za misaada na namna yanavyotoka. Mwenye kiharusi wa ukoo mdogo, au aliyewahi kukosana na mtu kwa mambo ya siasa, ataandikwa "anajiweza". Daktari wa mbali hanijui mimi wala babu yangu, na huo ndio uzuri wake.

Halafu kuna jambo la fedha. Ukimpima mtu miezi mitatu baadaye ukagundua ana shida, umemwandalia nini? Kuorodhesha taabu za watu bila ya kuzitatua ni kuwatia tamaa.

Mwana wa Mkoani

Ahsanteni. Nianze na Mtaalamu. Sikusema Rankin na Barthel vitupwe. AVERT ni hoja nzito na naikubali kama ilivyo. Ninachokataa ni kipimo kilichotengenezwa kulinganisha makundi ya wagonjwa kutumika kumwambia mtu mmoja, mwenye jina na watoto, kwamba hastahili kitu. Hizo ni kazi mbili mbalimbali. Na ATTEND ilihusu nani afanyishe mazoezi. Mimi nazungumzia wapi tuulizie hali ya mgonjwa. Mazoezi yabaki kwa wataalamu, na waongezwe hata Pemba, wasirundikane mjini. Hapo mimi nawe tuko pamoja.

Ndugu wa Chwaka, sheha simtaki kama wewe usivyomtaka. Lakini tayari tunao wahudumu wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya. Wanapita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba na simu zao mkononi, wanafuatilia wajawazito na watoto wadogo, na simu inawaongoza swali baada ya swali. Mhudumu habuni, anasoma swali na kubonyeza jibu. Maswali 12 yaingizwe humo kwa kila nyumba yenye aliyeruhusiwa kutokana na kiharusi. Uamuzi wa nani apewe nini ufanywe na mtu mwingine kabisa, wilaya nyingine ikibidi, asiyeona jina wala shehia. Anayeuliza asiwe ndiye anayegawa. Hilo linaondoa sehemu kubwa ya khofu yako.

Na si kila taabu inataka fedha za serikali. Chuma cha kushikilia kwenye choo na kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, seremala yeyote wa Mkoani anaweza kutengeneza, akiambiwa tu kwamba vinahitajika. Mama jirani yangu amekosa kiti hicho kwa sababu hakuna aliyefika kuona choo chake.

Umm Khalfan, Kojani

Nyote mmezungumzia mikono na miguu. Mume wangu mikono anayo, miguu anayo, anapanda ngalawa akishikwa kidogo. Maneno ndiyo yamekwenda. Alikuwa akisomesha watoto Kurani baada ya alasiri, sasa anataka kusema "maji" inatoka "kamba", na yeye anajua imetoka vibaya, analia. Kwenye yale mambo kumi ya Barthel mliyoyaeleza nimetafuta pa kusema, sikupaona.

Mhudumu akija na simu yake, atamuuliza nani? Akiniuliza mimi, nitajibu kwa uchovu wangu mimi.

Mtaalamu wa Viungo, Unguja

Umm Khalfan, ni kweli, Barthel haina swali hata moja la kusema. WHODAS ina moja la mazungumzo lakini liko kwenye dodoso refu la maswali 36, kwenye yale 12 limeachwa. Na lile la kujibiwa na ndugu kwa niaba ya mgonjwa lipo, ila tafiti nyingi zimeonesha kwamba anayemwuguza mtu huona ulemavu mkubwa kuliko anavyouona mgonjwa mwenyewe. Halafu yule wa Micheweni anatuonesha kinyume chake: mgonjwa anaficha. Mimi naelekea kukubali kipimo cha nyumbani, kwa sharti kwamba aulizwe mgonjwa na aulizwe mwuguzaji, kila mmoja peke yake, na majibu yote mawili yaandikwe bila ya kuchanganywa. Kwa aliyepoteza maneno kuwe na picha za kuonesha kwa kidole. Na Rankin ibaki ubavuni, tujue tuko wapi ukilinganisha na wengine.

Mwana wa Mkoani

Sharti lako nalikubali, na picha za Umm Khalfan ziwe za vitu vya kwetu: kopo, mkeka, sinia, ngalawa. Limebaki moja ambalo hukulijibu. Karatasi ya hospitali ikisema mtu anajiweza, na ya nyumbani ikasema hajiwezi, ipi ifuatwe pale anapodai haki yake? Mimi nasema ya nyumbani. Wewe na wenzako mtakubali kuiandika hivyo, kwa saini zenu?