Tupeane uzoefu: wewe uliyekimbia marathoni kuchangia wagonjwa wa saratani, ulimkimbilia nani?

Wakuu, habari zenu. Naomba tuliokimbia kwa ajili ya ndugu waliotangulia tuongee wazi. Mimi nilimkimbilia mama mdogo, aliyeondoka kwa saratani ya kongosho. Kilomita 42.195 si mchezo, ila zina utaratibu wake: unaongeza umbali wiki hadi wiki, mbio ndefu ya mwisho wa wiki inafika kilomita 30 hivi, halafu wiki mbili tatu za mwisho unapunguza ili mwili upumue. Kuomba michango ndiko kulikonishinda nguvu. Kila ujumbe nilieleza upya alivyoanza kuugua, na kila "pole sana" ilinirudisha msibani. Cha kushangaza, ndugu wa damu walivuta miguu. Wa kwanza kutoa alikuwa mfanyakazi mwenzangu ambaye tunasalimiana kwenye ngazi tu basi. Kwenu ilikuwaje?

*Kiatu Kimoja:*
Pole mkuu. Mimi niliandika jina la kaka mgongoni, chini yake miaka yake ya kuzaliwa na kufa. Sikujua ninajitafutia nini. Njia nzima watu wa nyuma wananiuliza, "Huyu ni nani wako?" Dada mmoja akanionyesha picha ya baba yake, ameifunga kwenye nailoni na kuibana kwa pini nyuma ya namba yake ya kifuani ili jasho lisiifikie. Tulikwenda naye sambamba hadi meza ya maji, tukapotezana. Jina lake sikuuliza, la baba yake ninalo.

*Mwendo Mdogo:*
Vijana, hisia ziwekeeni akiba. Kuanzia kilomita ya 30 hivi ile sukari ambayo misuli na ini vimehifadhi huwa inakaribia kwisha, na hapo ndipo marehemu anapokuja kichwani bila hodi. Ukilia, pumzi inakatika. Mimi hutembea kidogo, nalia vizuri, naendelea. Na msinywe maji kwa hofu tu; maji kupita kiasi yanashusha chumvi kwenye damu na yameshaua wakimbiaji. Kunywa ukisikia kiu.

*Mbishi Halali:*
Samahani wakuu, nitaonekana sina utu. Hela ya viatu, ya kujiandikisha, ya safari, si mngeipeleka moja kwa moja kwa wagonjwa? Mgonjwa anafaidika nini na wewe kuchubuka mapaja?

*Kiatu Kimoja:*
Swali lako ni halali kama jina lako. Jibu langu ni Terry Fox, yule kijana wa Kanada. Mwaka 1977 alikatwa mguu juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Aprili 1980 akaanza kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku. Alikwenda siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoingia mapafuni akalazimika kusimama. Alitaka dola moja kwa kila Mkanada, na kabla hajafa Juni 1981, akiwa na miaka 22, lengo lilikuwa limefikiwa. Angekaa nyumbani akatoa alichokuwa nacho mfukoni, zingepatikana ngapi?

*Mbishi Halali:*
Hapo umenibana. Ila si kila mtu ni Terry Fox.

*Binti wa Pili:*
Kwa wanaotaka nafasi kupitia shirika la hisani: someni fomu. Wengi wanakupa namba ya mbio kwa ahadi ya kuchangisha kiasi fulani, na kwingine kikipungua unajazia mwenyewe. Ulizeni pia hela inakwenda wapi. Utafiti ni kitu kimoja, tiba shufaa ya kumpunguzia mgonjwa maumivu ni kingine. Mimi nilichagua la pili kwa sababu nilimwona shangazi usiku ule dawa ya maumivu ilipochelewa. Na kabla hujabandika picha ya marehemu kila mahali, ongea na wa nyumbani. Kwetu mama alikataa kabisa picha za hospitalini. Tukaweka ile anayocheka, kilemba kimekaa upande.

*Mwendo Mdogo:*
Hilo la picha ni zito, asante binti.

*Mgeni Njiani:*
Mimi ndio naanza, namkimbilia babu, saratani ya tezi dume. Nimeshatuma ujumbe kwa jamaa wote, kimya. Nifanyeje?

*Binti wa Pili:*
Acha kutuma kwa kundi, kila mtu anamtegea mwenzake. Mwandikie mmoja mmoja kwa jina, mwambie babu alikuwa nani kabla hajaugua, na utaje kiasi. Wakumbushe wiki ya mbio bila aibu, wengi hutoa hapo. Kucha za miguu umeshakata? Kata fupi, na kiatu kiache nafasi mbele ya kidole gumba, la sivyo zitakuwa nyeusi zote.