Mafundi wa thina na stilwaya: mmeniunguzia mlango kwa alama ambayo ingetoka kwa kitambaa

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mstari wa rangi ya njano, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, leo umeniletea bili ya kupiga rangi milango miwili na fenda. Na aliyenifikisha hapa si basi lililonigusa. Ni watu niliowalipa hela yangu waufute.

Alhamisi jioni nilikuwa kwenye foleni ya Mwenge, Barabara ya Sam Nujoma. Basi la shule likajipenyeza kushoto kwangu, ubavu wake ukaparaza ubavu wangu. Dereva alishuka, akaomba radhi, tukaangalia pamoja. Bati halijabonyea. Njano ya basi lake ilikuwa imejipaka juu ya weusi wa Toyota IST yangu, kuanzia mlango wa mbele mpaka mwanzo wa mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na watoto wanaosubiriwa nyumbani. Nikamwambia aende. Yule sina kesi naye.

Ijumaa nikapeleka gari kawoshi, moja ya hizi zenye fundi rangi pembeni. Msimamizi akapitisha kiganja mlangoni: "Hii ndogo bosi, elfu 15, dakika kumi tu." Kijana akaja na chupa ya maji ya kunywa iliyojaa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, na kipande cha fulana kuukuu. Hakuosha kwanza. Vumbi la wiki nzima lilikuwa mlangoni, naye akalisugulia humohumo.

Njano ya juu ilitoka haraka, hilo siwezi kukataa. Iliyogoma ni ile ya kwenye mkunjo wa bati unaopita ubavuni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa gari naongea na simu, nikasikia kwaruu, kwaruu. Nilipozunguka nikamkuta na stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, na fulana mkononi mwake imekuwa nyeusi.

Hapo ndipo tumbo lilinikata. Aliyewahi kushika kazi ya rangi anajua maana yake. Rangi ya gari ya kiwandani imepangwa kwa matabaka: praima chini, juu yake rangi yenyewe, halafu klia isiyo na rangi inayoleta mng'ao na kuikinga rangi. Vyote kwa pamoja huwa kama maikroni 100 hadi 150, na milimita moja ni maikroni 1000. Klia peke yake ni kama 40 au 50, nyembamba kuliko unywele wako. Ukisugua klia kinachotoka ni ungaunga mweupe. Kitambaa kikichukua rangi ya gari lako, klia imeisha na sasa unakula rangi. Na inaanza kuisha kwenye mikunjo na kingo, kwa sababu hapo ndipo inapokuwa nyembamba zaidi na ndipo mkono unapokandamiza zaidi. (Kuna magari ya zamani, hasa meupe na mekundu, yaliyopigwa rangi ya tabaka moja bila klia. Hayo kitambaa kitachukua rangi hata kwa polishi ya kawaida. Langu lina chenga, yaani vile vipunje vya kumetameta ndani ya rangi, na klia juu yake.)

Nikamsimamisha. Mlango wa mbele ulikuwa na doa limefubaa kama limepakwa majivu, kubwa kuliko kiganja, na kwenye mkunjo kuna mstari wa kijivu: praima inachungulia.

Nikamwita msimamizi. Sikupata hata pole! Nikaambiwa magari haya ya mtumba kutoka Japani rangi zake zimechoka, eti na hili lilishawahi kupigwa rangi. Kabla sijajibu, fundi rangi wa pembeni kashafika na bei mdomoni: mlango laki na nusu, lakini ili rangi zisipishane lazima apige na mlango wa nyuma na fenda, jumla laki nne na nusu. Yaani anayeharibu na anayetengeneza wanakaa benchi moja, na mimi niwalipe wote wawili.

Sasa sikilizeni kinachonichoma zaidi. Ule mstari ulikuwa umefika mlango wa nyuma, na huko kijana hakuwa amegusa. Ilibaki shibiri nzima ya njano. Jumamosi asubuhi nikaishughulikia mwenyewe, kivulini, bati likiwa la baridi.

Nikaosha mlango kwa shampuu ya gari na maji mengi mpaka vumbi lote likaondoka. Nikapitisha kucha juu ya alama: haikukwama, ilipanda tu kidogo kama inapita juu ya tone la mshumaa. Maana yake ile njano imekaa juu ya klia yangu, haijaingia ndani. Nikachovya kitambaa laini cha maikrofaiba kwenye mafuta ya taa, nikakilaza juu ya alama kama dakika moja, halafu nikasugua kwa kidole kimoja ndani ya kitambaa, taratibu, nikigeuza upande safi kila mara. Njano ikaanza kuachia kwa vipande vyembamba, kama ukoko wa uji ulioloweshwa. Kitambaa kikawa cha njano. Weusi haukuwepo hata kidogo! Nikaosha mafuta kwa sabuni. Ukabaki ukungu wa njano kwenye mstari mmoja, nikaumaliza kwa kampaundi laini (polishi ya kusugulia rangi) na sponji, mizunguko midogo, bila kukandamiza, nikamalizia na nta.

Dakika 20. Kilichobaki ni mchubuko wa urefu wa punje ya mchele, hapo kitu kigumu cha basi kilipogusa. Kucha inakwama, kwa hiyo huo ni jeraha halisi na kampaundi haitautoa, unahitaji tone la rangi. Lakini shibiri nzima iliyobaki inang'aa kuliko gari zima. Mlango ambao hakuna fundi aliyeugusa ndio mzima.

Mnaosema thina si mbaya, nawaelewa nusu. Klia ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri, inavumilia thina kwa mguso wa sekunde chache. Haivumilii kulowekwa na kusuguliwa. Na mengi ya magari yetu yameshapigwa rangi mtaani, ambayo thina kali inaweza kuilainisha au kuivimbisha palepale. Bampa ni plastiki, na kuna plastiki ambazo thina inaziharibu. Taa za mbele ndiyo kabisa: nimeona ya jirani yangu ikipata nyufa ndogondogo kama utando wa buibui baada ya kufutwa na thina hiyohiyo.

Na msije na petroli. Inalipuka, na mafuta ya taa yanafanya kazi hii kwa upole zaidi. Dawa ya meno ni msasa mdogo tu, itakusaidia kwenye alama ndogo sana, kwenye hii ungesugua hadi jioni.

Ninachotaka kwa watu wa kawoshi si kikubwa. Osha kwanza. Pitisha kucha. Anza na kitu laini kabla ya kikali. Ukiona hujui, sema hujui, nitapeleka gari kwingine na soda nitakununulia. Gari hili nimelilipia kwa miaka mitatu kwenye kikoba, si kitu cha kufanyia majaribio na stilwaya.

Naombeni msaada wa mambo mawili. Kwanza, nani anamjua fundi rangi hapa Dar mwenye kile kipimo cha unene wa rangi? Nataka mlango wa mbele upimwe kwa maikroni, pale palipoungua na pale pazima, ili habari ya "rangi ilikuwa imechoka" ijibiwe kwa namba. Pili, kwa waliobobea: penye praima najua polishi haisaidii, lazima ipigwe rangi. Je, rangi yenye chenga inaweza kufifishwa (kupunguzwa taratibu mpaka iungane na rangi ya zamani) ndani ya mlango huohuo mmoja na klia kupigwa mlango mzima, bila kugusa mlango wa nyuma? Ule wa nyuma sitaki mtu auguse.

Jumatatu saa tatu asubuhi narudi kwao na picha za milango yote miwili.