Mnauza vifuniko vya rimu vya Subaru vimebandikwa stika ya Toyota, halafu mnasema "havirudishwi"?

Wadau, leo nimekasirika na sitaficha. Kuna duka la rimu na spea hapa mjini. Jina siliweki kwa sababu sitafuti kesi ya kuchafuliana majina, lakini waliyonifanyia nayaanika yote.

Gari ni Toyota Celica ya 1996, ile T200 yenye taa nne za duara mbele. Siyo GT-Four, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne; hii yangu ni ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Rimu ni zake za kiwandani, 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100. Vifuniko vya katikati viliibwa, kikabaki kimoja. Nairobi tunachora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, lakini nani amewahi kuchora namba kwenye kifuniko cha rimu?

Sasa hicho kimoja kilichobaki nilikibeba mpaka dukani kama sampuli. Jamaa wa kaunta akakichukua, akakiweka uso kwa uso na pakiti yake ya nailoni, akanionyesha. "Bosi, si unaona ni moja? Hizi zinaingia Toyota zote."

Nikamwambia ageuze nyuma. Kinachoshika rimu siyo uso, ni yale meno ya nyuma yanayobana ndani ya tundu. Vifuniko viwili vinaweza kulingana uso kabisa na meno yakatofautiana upana na urefu. Ndiyo maana anayeijua kazi hii hukupimia vipimo viwili: uso, na meno kutoka ncha hadi ncha. Jamaa akasema pakiti haifunguliwi kabla ya kulipa. Ukifungua umenunua. Nikauliza, na zisipoingia? "Zitaingia tu, mkubwa, fundi wetu atakuwekea bure, na kukiwa na shida tuko hapa." Kwa neno hilo nikalipa kwa M-Pesa, seti nzima.

Fundi wao akaja na nyundo. Kabla hata ya kuangalia tundu! Rimu iliyokaa wazi muda mrefu ina kutu na matope mdomoni mwa tundu, unapiga brashi ya waya kwanza, unafuta, halafu unasukuma kifuniko kwa kiganja. Kikiwa kigumu unakiloweka kwenye maji ya moto kidogo ili plastiki ilegee. Nyundo haina kazi hapo. Cha kwanza meno mawili yakakatika pale pale, nikayaona yakianguka kwenye lami. Cha pili kikaingia kikicheza kama jino bovu. Nikamwambia asimame. "Tulia bosi, tunaweka silikoni." Na akaweka kweli, akapaka mpaka ikafurika kwenye rangi ya rimu.

Mbele ndiko alikochekesha zaidi. Gari linalovuta kwa mbele lina nati kubwa ya ekseli katikati ya habu, yaani kitovu kinachobeba rimu, imefunikwa na kile kibati chenye pini, na inachomoza. Meno ya vifuniko vya duka hilo ni marefu, yanagonga pale kabla kifuniko hakijakaa. Silikoni haiwezi kushinda chuma. Cha mbele kushoto kiliruka Thika Road karibu na Pangani, nikakiona kwenye kioo kikipita chini ya matatu. Kwaheri pesa.

Kile kilichokuwa kinacheza nikakitoa mwenyewe kwa bisibisi ya plastiki. Stika ya Toyota ikabanduka pembeni. Nikaivuta. Chini yake, nyota sita. Nyota sita, wadau! Kifuniko cha Subaru kimevalishwa nguo ya Toyota!

Najua jinsi akili yao ilivyozunguka. Subaru nyingi hapa mjini, Impreza na Forester za zamani, ni 5x100 kama Celica yangu, kwa hiyo rimu zao huvaana na nati zetu. Lakini hata rimu yenyewe haikai hivi hivi: tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1 na habu ya Toyota hii ni 54.1, ndiyo maana ukibadilisha unatafuta ringi ya kuziba hiyo nafasi, la sivyo usukani unatetemeka. Rimu kuingia ni jambo moja. Kifuniko ni jambo jingine kabisa, na muuzaji wa rimu hawezi kuniambia halijui hilo.

Nikarudi. Yule wa "tuko hapa" akanionyesha kidole chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mkubwa wake akatoka ndani akaniambia, "Mzee, si ni plastiki tu?" Kama ni plastiki tu, mbona mlichukua pesa halisi?

Maandishi ya risiti hayapiti Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na maelezo anayohitaji ili anufaike nayo, na tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kubandika nembo ya kampuni nyingine juu ya bidhaa siyo "shida ndogo ya saizi". Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na yangu hayafiki hata mlangoni mwa hiyo milioni. Nina ujumbe wa M-Pesa, nina risiti, nina kifuniko chenye nyota. Nataka pesa yangu yote, na nataka wanilipie kutoa silikoni kwenye rimu bila kuchubua rangi.

Na msiniambie niagize gari jingine la kuvunjia spea. Gari lililopita miaka minane haliingii nchi hii, kwa hiyo Celica zilizopo ndizo hizi hizi. Jina la Celica, ambalo Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, alishindia Safari Rally 1994 kwa toleo lililotangulia hili langu, leo linatafutiwa kifuniko kwa machozi.

Kama kuna anayemfahamu muuzaji anayekuruhusu kugeuza kifuniko na kupima kabla ya kulipa, aniandikie mtaa tu, nitamtafuta. Atakayenishauri niuze Celica ninunue Vitz apite tu, uzi huu haumhusu.