Naomba ushauri: Ufunuo 13 na tarehe zinazogongana

Bwana asifiwe, wapendwa. Huku Umoja, Nairobi, tuna kikundi cha Biblia, na zamu hii naongoza Ufunuo. Tulipofika sura ya 13, yenye mnyama na namba yake 666, mjadala uligeuka kuwa wa Huduma Namba (ile namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya), kama ule wa 2019.

Nimesoma kwamba makanisa saba yanayoandikiwa katika Ufunuo yalikuwa kwenye miji halisi ya Asia Ndogo, Uturuki ya leo, na kwamba Pergamo palikuwa na hekalu la kumwabudu Kaisari. Hilo limenifungulia maneno "kiti cha enzi cha Shetani", yanayosemwa juu ya Pergamo, kuliko mahubiri mengi niliyosikia (samahani wachungaji). Ila tarehe ndizo zinanichanganya. Wengi huhesabu 666 kwa jina la Kaisari Nero, aliyekufa mwaka 68. Lakini Irenayo, askofu wa karne ya pili, aliandika kuwa maono yalionekana mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitiano, uliokoma mwaka 96. Nimelinganisha Biblia mbili zenye maelezo, kila moja inavuta kwake.

Je, mtu anaweza kukubali tarehe ya Domitiano na bado akasema mnyama ni Nero? Na ni kitabu gani cha historia ya Kanisa la kwanza, Kiswahili au Kiingereza chepesi, naweza kupata hapa mjini bila kuagiza nje?