Kuvu ya majani ya mkorosho: ni lini tuseme ni spishi mpya?

Mikindani_M
Habari zenu, wanajukwaa. Nafanya kazi katika maabara ndogo hapa Mtwara, ambako wakulima hutuletea majani ya mikorosho hasa msimu wa kupuliza salfa unapoanza. Kutoka kwenye majani yenye madoa ya kahawia yaliyotoka Tandahimba nimeotesha kuvu ambayo spora zake (chembe ndogo za kuzaliana) zina seli tano: tatu za katikati ni za kahawia, za mwishoni hazina rangi, na kwenye ncha ya juu kuna vinyweleo vitatu, chini kimoja kifupi. Urefu ni mikromita 22 hadi 27. Sehemu ya vinasaba iitwayo ITS imesomwa, na imefanana kwa asilimia 99 na kuvu nyingi zenye majina tofauti. Wenzangu wananihimiza niitangaze kuwa spishi mpya kwa sababu hakuna iliyofikia asilimia 100. Je, hoja hiyo inatosha? Na taratibu za kuipa jina zikoje?

Hadubini
Ndugu, haitoshi hata kidogo, ingawa umeieleza spora vizuri kiasi kwamba hatuna haja ya kubahatisha: hiyo ni Pestalotiopsis au jamaa zake wa karibu. Mwaka 2014 jenasi hiyo (kundi la spishi za karibu) iligawanywa, zikatolewa ndani yake Neopestalotiopsis na Pseudopestalotiopsis, na unachopaswa kukitazama ni rangi ya zile seli tatu za katikati. Zote zikiwa na kahawia moja hafifu, uko Pestalotiopsis. Zikiwa na kahawia moja iliyokolea, Pseudopestalotiopsis. Mbili za juu zikikolea kuliko ya chini yake, Neopestalotiopsis.

ITS ilipendekezwa mwaka 2012 iwe kitambulisho cha kuvu zote, nayo inakufikisha kwenye jenasi bila taabu, lakini katika kundi hili spishi hutofautiana kidogo mno kwenye sehemu hiyo. Soma pia jeni ya beta-tubulini na ya TEF1, kisha ulinganishe na mifuatano iliyotokana na vielelezo asilia vya kila spishi, si na chochote unachokikuta GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano ya vinasaba, kwa maana majina mengi mle yamewekwa na aliyewasilisha kwa kadiri alivyodhani.

Mtunza_Hebaria
Niongezee upande wa jina. Kwanza, lazima kuwe na kielelezo kimoja kinachobeba jina, yaani holotaipu, na koloni hai, yaani kuvu inayoendelea kukua maabara, haikubaliki kwa kazi hiyo: ikaushe, au ihifadhiwe katika hali ambayo uhai wake umesimamishwa, kisha uiweke kwenye hebaria (hifadhi ya vielelezo vikavu) inayofikika, kama Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha. Koloni hai iliyotokana nayo iwekwe pembeni kwa ajili ya watafiti wengine. Pili, tangu tarehe 1 Januari 2013 jina jipya la kuvu halihesabiki bila namba ya usajili, ambayo hutolewa na hazina za majina ya kuvu: MycoBank, Index Fungorum au Fungal Names. Tatu, maelezo ya spishi au ya tofauti zake yaandikwe kwa Kilatini au Kiingereza. Kiswahili, kwa masikitiko yangu, bado hakijapewa nafasi hiyo. Kulitaja jina mkutanini au gazetini si kulichapisha.

Ugani_Nachingwea
Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine. Neno "kuvu mpya" likifika kwa wakulima kabla ya wakati wake, kesho yake watu wataulizia dawa mpya dukani. Jamii hii ya kuvu hukaa ndani ya majani yenye afya bila kuleta madhara yoyote, na mara nyingi huingia pale ambapo mbu wa mikorosho (mdudu wa mimea, si mbu wa kawaida) amekwisha kufyonza na kuacha kidonda. Tafadhali pandikiza spora kwenye miche mizima, ukiacha mingine bila kuambukizwa, uone kama madoa yaleyale yatatokea na kama utaipata tena kuvu ileile. Kuwa mpya na kuwa ugonjwa ni mambo mawili, na la pili ndilo litakaloulizwa huku vijijini.

Mikindani_M
Nashukuru sana, wakuu. Nimerudi kwenye slaidi: seli mbili za juu zimekolea waziwazi, kwa hiyo naelekea Neopestalotiopsis. Tatizo ni kwamba koloni zote nilizonazo zimetoka kwenye mti mmoja. Pia nilipima spora ndani ya maji. Je, nipime upya kwenye asidi ya laktiki?

Hadubini
Chagua kimiminika kimoja, ukitaje, na usichanganye vipimo vya viwili katika jedwali moja. Pima spora zisizopungua 30, zilizokomaa tu, na uandike ndogo kabisa, kubwa kabisa na wastani. Kuhusu mti mmoja, hapo ndipo ningesimama kwanza: tafuta majani ya Newala na Masasi, otesha kila koloni kutoka spora moja, na kama zote zitakaa kwenye tawi moja la mti wa ukoo (mchoro wa undugu unaotokana na jeni) lililojitenga na majirani zake, ndipo ufungue faili la usajili.